Jina Moja, Mikono Themanini

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanachama wakati wa chakula cha jioni cha mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Inachapishwa hapa kwa maombi ya wengi waliohudhuria, na ya wengine ambao hawakupata nafasi ya kufika.)



Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Katibu wetu aliponiandikia, aliniomba nizungumzie jambo lolote nililojifunza nchi za nje, mradi lisiwe la siasa, na lisiwe la kuwalaza watu usingizi baada ya pilau. Nimefikiri kwa muda mrefu, na hatimaye nimechagua kuzungumzia mvinyo mwekundu wa Ufaransa, ule uliotunzwa miaka mingi, na shamba unakotoka.

Naona walimu wangu wanatazamana. Wana haki. Katika shule hii, mwanafunzi aliyekutwa na harufu ya pombe alifungasha sanduku lake siku ile ile, na kengele ya jioni ilimkuta kituo cha basi. Tena humu ukumbini wamo ndugu zetu ambao dini yao imewakataza kinywaji hiki, na wamo wengine waliokiacha kwa hiari yao baada ya kuona madhara yake majumbani. Wote nawaheshimu. Sikuja kumshawishi mtu anywe. Habari yangu ni ya shamba, ukuta na jina, na mwishoni nina deni ambalo ningependa kulilipa mbele yenu.

Mwaka 2014 ofisi yangu ilinipeleka kwenye mafunzo ya miezi minne katika mji wa Dijon, mashariki ya Ufaransa. Nilichaguliwa, nadhani, kwa sababu Chuo Kikuu nilisoma Jiografia na Kifaransa, na katika idara yetu hapakuwa na mwingine aliyeweza kuomba hata maji ya kunywa kwa lugha hiyo. Mafunzo yenyewe yalihusu usimamizi wa mazao ya kilimo. Kila Jumamosi tulikuwa huru, na mwalimu wetu mmoja alituambia kwamba mtu akifika Dijon asipokwenda kuona mashamba ya mizabibu, ni sawa na mtu aliyefika Moshi asitazame juu.

Basi Jumamosi moja nikapanda basi kuelekea kusini. Barabara inafuata mguu wa kilima kirefu kinachotazama mashariki, upande wa jua la asubuhi. Kushoto kwako ni tambarare yenye mahindi na ngano. Kulia kwako ni mizabibu, mstari baada ya mstari, kama nywele zilizosukwa, mpaka kule juu inapoanza miti. Vijiji ni vidogo, vya mawe, na majina yake yanajulikana dunia nzima: Gevrey-Chambertin, Morey-Saint-Denis, Chambolle-Musigny. Baada ya kiasi cha kilomita 20 nikashuka Vougeot, kijiji ambacho ukipiga chafya umekwisha kukivuka.

Hapo ndipo lilipo shamba ninalotaka kuwaeleza. Linaitwa Clos de Vougeot. Neno la kwanza maana yake ni eneo lililozungushiwa ukuta, na kwa hakika ukuta upo mpaka leo, wa mawe, mrefu kiasi cha kimo cha mtu. Ndani yake mna hekta 50 za mizabibu, karibu sawa na viwanja 70 vya mpira. Katikati ya mizabibu, upande wa juu, limesimama jumba kubwa la kale lenye paa la mteremko mkali.

Shamba hili lilianzishwa na watawa. Mwaka 1098 kundi la watawa waliotaka maisha ya ukali zaidi, ya sala na kazi za mikono, walijenga monasteri yao Cîteaux, katika tambarare yenye maji na misitu, si mbali na hapo. Tambarare ile haikufaa kwa zabibu. Kwa hiyo, tangu mwanzoni mwa karne ya 12, walianza kupokea na kununua vipande vya ardhi kilimani, kimoja kimoja, wakaviunganisha, na kufikia karne ya 14 ukuta ulikuwa umekamilika. Jumba lile lilijengwa mwaka 1551, na ghala la kale lenye mashinikizo makubwa ya mbao ya kukamulia zabibu bado liko pale, mgeni anaonyeshwa.

Kazi yao kubwa, hata hivyo, ilikuwa kutazama. Walilima mahali pamoja karne baada ya karne, mtawa akimrithisha mtawa, wakawa wanaona kwamba mstari huu huiva mapema, ule huchelewa. Hapa theluji huyeyuka kwanza, pale maji husimama. Watu wa Bourgogne, ndiyo jimbo lenyewe, mpaka leo hukigawa kilima chao katika vipande vidogo vidogo, kila kimoja na jina lake na mipaka yake, na hukiita kila kipande «climat». Neno hilo kwa kawaida ni hali ya hewa, lakini kwao ni kipande cha ardhi pamoja na udongo wake, jua lake na historia yake. Mwaka 2015 shirika la UNESCO liliviingiza vipande hivyo katika orodha ya urithi wa dunia.

Ndugu zangu, wakati naelezwa hayo nilimkumbuka mwalimu wetu wa Jiografia, ambaye alikuwa akitutoa nje na majembe kuchimba shimo nyuma ya bweni ili tuone matabaka ya udongo. Sisi tulidhani anatuadhibu. Kule Vougeot nilimwelewa, nikiwa nimechelewa miaka 15.

Sababu ni hii. Ukisimama barabarani chini ya Clos de Vougeot ukatazama juu, unaona shamba moja, mteremko mmoja mpole ambao tofauti ya kimo chake toka chini mpaka juu haizidi mita 30. Lakini chini ya udongo mambo ni tofauti. Sehemu ya juu, karibu na jumba, udongo ni mchache juu ya mawe ya chokaa, na maji hupita upesi. Sehemu ya kati ina udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na changarawe. Sehemu ya chini, karibu na barabara, udongo ni mzito na wa kina, na mvua ikizidi mizizi hukaa katika unyevu. Mzabibu hupenda taabu kidogo. Mti ulioshiba maji huzaa zabibu nyingi zisizo na ladha. Ule unaotafuta maji kati ya mawe huzaa chache zenye nguvu. Husimuliwa kwamba watawa waliweka mvinyo wa sehemu ya juu kwa ajili ya Papa na wafalme, wa kati kwa maaskofu, na wa chini wakanywa wenyewe. Sijui kama ni kweli, lakini kila mtu wa pale atakusimulia.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja mwaka 1789, mali za Kanisa zilitaifishwa. Miaka miwili baadaye shamba likauzwa, na kwa takriban miaka 100 likapita mikononi mwa matajiri, bado likiwa zima. Mwaka 1889 ndipo lilipokatwa na kuuzwa vipande vipande. Sheria ya mirathi ya Ufaransa, iliyotokana na Kanuni za Napoleon za mwaka 1804, inawapa watoto wote haki katika urithi, kwa hiyo vipande navyo vikaendelea kugawanyika. Leo shamba hilo moja, ndani ya ukuta mmoja, lina wenyewe wapatao 80. Wengine wana hekta kadhaa. Wengine wana mistari michache tu, ambayo mtu anaweza kuipogoa kwa siku mbili.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Ufaransa ina sheria ya mwaka 1935 inayolinda majina ya mahali katika mvinyo, ili mtu asiyelima pale asitumie jina la pale. Ni sheria nzuri. Inataja mipaka ya shamba, aina ya zabibu, na kiasi kisichopaswa kuzidiwa katika mavuno. Clos de Vougeot ilipewa daraja la juu kabisa, linaloitwa «grand cru», na ilipewa yote, kutoka ukutani hadi ukutani. Wa juu mawe, wa chini tope, mwenye bidii, mvivu: wote 80 wanaruhusiwa kuandika jina lile lile kwenye chupa, kwa herufi za ukubwa ule ule. Jina la mkulima huandikwa pia, aghalabu chini, kwa maandishi madogo ambayo mgeni hayaangalii.

Mimi nilikuwa mgeni wa namna hiyo. Kwa bahati mwalimu wetu alikuwa amenipa barua ya kunitambulisha kwa mzee mmoja, mkulima, mwenye mistari yake michache ndani ya ukuta. Nilimkuta amevaa koti la bluu la kazi, viatu vina matope. Mikono yake ilikuwa mikono ya babu yangu. Alishangaa kidogo kumwona Mtanzania anayetaka kujua habari za udongo, akanipeleka kwenye mizabibu yake kabla hajanikaribisha ndani.

Alinieleza kwamba zabibu yao nyekundu ni ya aina moja tu, Pinot noir. Ni zabibu yenye ngozi nyembamba na vishada vilivyobanana, hivyo huoza upesi mvua ikinyesha karibu na mavuno. Ni kama mtoto wa kudeka, alisema, lakini hakuna anayesema ukweli wa mahali alipopandwa kama yeye. Matawi hupogolewa wakati wa baridi kali, vidole vikiwa na ganzi, na ukiacha macho mengi kwenye tawi utapata vishada vingi na mvinyo mwepesi. Mavuno huwa mwezi wa Septemba, wakati mwingine mapema zaidi. Nilimwambia kwamba kwetu Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Alisimama akanitazama, akasema, «Mara mbili? Basi nyinyi hamlali.»

Vilevile alinionyesha kovu kwenye shina, karibu na ardhi. Ndipo nikajua kwamba mizabibu karibu yote ya Ufaransa husimama juu ya mizizi ya kigeni. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo aitwaye filoksera aliingia Ufaransa pamoja na miche iliyotoka Marekani, akala mizizi, na katika miaka michache sehemu kubwa ya mashamba ya nchi nzima ikafa. Dawa ilipatikana kule kule ulikotoka ugonjwa: mizizi ya mizabibu ya Kimarekani, ambayo imezoeana na mdudu huyo, ikabebeshwa matawi ya Kifaransa. Wengi walipinga, wakisema jina la Bourgogne haliwezi kukaa juu ya mguu wa mgeni. Limekaa.

Halafu tukateremka ngazi za mawe mpaka kwenye ghala la chini ya ardhi. Humo baridi ni ile ile kiangazi na masika, kama nyuzi 12, kuna giza, na kuta zina ukungu mweusi. Mapipa ya mwaloni yalikuwa yamepangwa mistari miwili, kila pipa lita 228. Mzee akanieleza kwa ufupi. Maji ya zabibu hayana rangi; wekundu unatoka kwenye ngozi. Kwa hiyo zabibu huachwa zichachuke pamoja na ngozi zake, majuma mawili au zaidi, ndipo hukamuliwa. Mvinyo hukaa katika mapipa mwaka mmoja au mwaka na nusu, kisha hutiwa katika chupa. Mwingine yeyote angeuita umekwisha. Kwa shamba kama hili, hapo ndipo unapoanza.

Maana mvinyo mzuri ukiwa mchanga una ukali unaokausha ulimi, kama chai ya rangi iliyochemka mno. Ukali huo unaitwa tanini, nao hutoka kwenye ngozi, mbegu na mbao. Miaka inavyopita, tanini na rangi hushikana polepole, huwa nzito, na hushuka chini ya chupa kama mashapo. Mvinyo wenyewe hulainika. Rangi yake huacha uzambarau, huwa kama tofali lililochomwa. Harufu ya matunda mabichi hupungua, na badala yake huja harufu nyingine: majani makavu, uyoga, ngozi ya kiatu kipya, udongo baada ya mvua ya kwanza. Lakini, mzee akaongeza, miaka haiongezi kitu ambacho hakikuwamo. Mvinyo dhaifu ukiuweka miaka 20 hauwi mvinyo mkuukuu, unakuwa siki.

Akaniuliza, «Shule ya sekondari ulimaliza mwaka gani?» Nikamwambia kidato cha sita nilimaliza mwaka 1999. Akacheka, akasema hiyo ni bahati, kwani 1999 ulikuwa mwaka mzuri sana kwa Bourgogne. Akaenda gizani, akarudi na chupa mbili amezishika kama mtu anayebeba watoto waliolala, ili mashapo yasitibuke. Akazifungua mgongo wake ukiwa kwangu. Akamimina kidogo kidogo katika glasi mbili, akaziweka mbele yangu bila kusema lolote.

Namna ya kuonja nilielekezwa hivi. Kwanza unainamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, unatazama rangi ya ukingoni. Pili unaizungusha taratibu, unanusa, unaitua, unanusa tena, kwa sababu harufu ya pili si ya kwanza. Tatu unachukua kiasi cha kijiko kimoja, unakizungusha kinywani, na ukisha kumeza unahesabu moyoni muda ambao ladha inabaki. Kuna ndoo ya kutemea. Mimi nilimeza, kwa kuwa nililelewa kutotema cha mwenyeji.

Glasi ya kwanza ilikuwa na rangi nzuri na harufu nzuri, na nilipomeza ikaondoka, kama mtu anayekuamkia njiani bila kusimama. Glasi ya pili rangi yake ilikuwa imefifia zaidi. Harufu ilichelewa kuja. Ilipokuja, ndugu zangu, nilirudi utotoni: niliisikia ile harufu ya ghala la bibi yangu, magunia, moshi mkavu na matunda yaliyoiva yakasahauliwa. Nilipomeza, nilihesabu mpaka 30 ladha ikiwa bado ipo. Sina maneno zaidi ya hayo, na nisingependa kujifanya ninayo.

Nikamwambia kwamba la pili bila shaka ni shamba jingine, la daraja la juu zaidi. Mzee akazigeuza chupa. Zote mbili ziliandikwa Clos de Vougeot, zote 1999. Ya pili ilikuwa yake. Ya kwanza ilikuwa ya jirani ambaye mistari yake ilitenganishwa na ya kwake na njia ya kupitisha mkokoteni. Yule jirani, alisema, siku hizo alikuwa akiacha vishada vingi mno, na akiharakisha kuuza. Sikusahau maneno yaliyofuata: «Ukuta ni wetu sote. Kazi ni ya kila mtu.»

Kabla ya kurudi nyumbani nilinunua chupa moja kwa akiba ya posho yangu, ya mwaka 2010, na muuzaji aliniambia nisiiguse mpaka itimize miaka 15. Nilifika nayo Dar es Salaam salama. Nikaiweka wapi? Hapa mke wangu anaanza kucheka, kwa sababu anajua. Niliisimamisha katika kabati la vioo sebuleni, jina likitazama mlangoni, ili kila mgeni alione. Jua la saa kumi lilikuwa linaifikia kila siku. Joto la Dar es Salaam mnalijua. Na chupa ya mvinyo wa kutunzwa hulazwa, ili kizibo kisikauke. Ya kwangu ilisimama wima kama askari wa zamu, miaka saba. Mwaka 2021 nilipopanda cheo nikaona nisisubiri, nikaalika rafiki watatu, wawili kati yao wapo humu. Kizibo kilikuwa kimejisukuma nje kidogo, na ukingo wa chupa unanata. Rangi ilikuwa ya kahawia. Ladha ilikuwa kama zabibu kavu zilizochemshwa na siki. Jina kwenye karatasi lilikuwa bado linang'aa, maana hilo nilikuwa nikilipangusa vumbi kila Jumapili.

Rafiki zangu walicheka sana usiku ule. Mimi nilicheka nao, lakini walipoondoka nilikaa peke yangu sebuleni, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka jambo jingine. Hilo ndilo deni nililolitaja.

Mwaka 2018, katika ofisi niliyokuwa nikiitumikia wakati huo, ilitakiwa apatikane mtu wa kukaimu kitengo kidogo kinachoshughulikia pembejeo za wakulima wa wilaya kadhaa. Mkubwa wangu aliniomba nipendekeze jina. Walikuwapo wawili. Mmoja alikuwa dada mmoja aliyesoma shule ya kata, kimya, mafaili yake yamenyooka. Sikuwahi kuketi naye hata nusu saa kumsikiliza. Mwingine alikuwa kijana aliyesoma hapa. Alikuwa amelala bweni lile lile nililolala mimi. Alijua wimbo wetu wa shule. Siku ya kwanza alipoingia ofisini kwangu aliniita «kaka», na mimi nikasikia fahari. Nikapendekeza jina lake. Katika barua niliandika kwamba ametoka katika shule yenye nidhamu, na kwamba shule hiyo naijua.

Baada ya msimu mmoja, vijiji kadhaa vilipata mbegu mvua zikiwa zimeanza kukatika. Karatasi za maombi zilikutwa mezani kwake, hazijafunguliwa. Mimi nilikwenda na timu iliyotumwa kueleza, na mama mmoja wa makamo yangu hakunigombeza. Alinionyesha tu shamba lake, mahindi ya kimo cha goti, akaniuliza kama nimekula. Yule dada alikuwa amekwisha kuhamia wilaya nyingine kwa maombi yake mwenyewe.

Kijana huyo hayupo hapa leo, na jina lake sitalitaja. Simlaumu yeye peke yake. Yeye hakusema uongo wowote: jina la shule alilobeba lilikuwa lake kwa haki. Mimi ndiye niliyesoma karatasi ya chupa nikaacha kuonja. Tena nilifanya hivyo baada ya kutoka Vougeot, baada ya kuambiwa na mzee wa watu, glasi zikiwa mbele yangu. Ndiyo maana nimeona aibu kulisema, na ndiyo maana nimelisema.

Ndugu Mwenyekiti, najua mikutano kama hii hutolewa sifa za shule, nami nazitoa kwa moyo wangu wote. Shule hii ni ardhi nzuri. Waliotutangulia waliitazama, wakaijengea ukuta, na mimi sina nilichonacho ambacho hakikuanzia hapa. Lakini sisi tuliomo humu leo tuna maofisi, kalamu na mihuri, na kila juma barua zinapita mbele yetu zikiwa na jina hili. Ombi langu kwenu ni dogo. Akija kijana akakwambia amesoma shule yako, mpokee, mpe kiti, mpe chai. Kisha muulize amefanya kazi gani, na uende ukaione. Na akija mwingine ambaye shule yake hujawahi kuisikia, naye mpe kiti kile kile na muda ule ule.

Yule dada nilimtafuta. Mwaka 2022 nilimkuta katika wilaya aliyohamia, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza nyinyi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, «Nashukuru, kaka, kwa kuja,» akarudi kwenye mafaili yake. Sikustahili zaidi ya hapo.

Yule mzee wa Vougeot tuliandikiana barua kwa miaka kadhaa. Katika ya mwisho aliniarifu kwamba mgongo umemkataza kupogoa, na kwamba mistari ile sasa inashikwa na binti yake. Aliniuliza kama ile chupa nimeitunza vizuri. Nilimjibu kweli.

Naomba sasa, kila mmoja kwa kinywaji alicho nacho mbele yake, iwe soda, iwe maji, iwe chai, tusimame tuwakumbuke walimu wetu waliotangulia mbele ya haki, na yule wa Jiografia kwanza, aliyetuonyesha kwamba ukitaka kujua shamba, huna budi kuchimba.